Siku Niliyomwita Gide Aje Kuoga

Habari hii watu wa kambini wanaijua wote maana walikuwepo, na wengine nasikia walikuwa wameshika simu wanarekodi (sitaki kujua ni nani), kwa hiyo sina cha kuficha. Lakini nyie mliosikia nusunusu kwamba Sekela alienda kuchekesha kwenye msiba wa watu, kaeni niwasimulie mwenyewe, kwa sababu kuna toleo linazunguka linasema nilikuwa nimelewa, na mie pombe siijui hata ladha. Sikuwa nimelewa. Bora ningekuwa nimelewa. Nilikuwa na akili zangu zote, saa nane mchana, nimejifunga mito miwili kiunoni, beseni kichwani, rangi ya mdomo imefika mashavuni, namwita mtu aliyekufa aje kuoga. Mbele ya mke wake.

Haya, nimeshasema. Sasa niwarudishe nyuma kidogo.

Nilikuwaga mlezi kwenye kambi ya watoto ya likizo kule Kibamba, sio Kibamba ya barabarani, ile ya ndani, unaacha lami unaingia kwenye mikorosho mpaka unaanza kujiuliza kama umepotea. Kila mwezi wa sita wazazi walikuwa wanatuletea watoto wao wiki tatu, wanalala kwenye mabweni ya mbao, wanafundishwa kuimba, kusali, kupanda mchicha na kutandika kitanda (hiyo ya kitanda ndo wazazi walikuwa wanaitaka hasa, mengine walikuwa wanaitikia tu). Sie walezi tulikuwa kumi na wanane, vijana watupu, wengi tumemaliza chuo hatuna kazi, na mkuu wetu alikuwa Mwalimu Kasembe, mtu mzima, mkali, ambaye kila asubuhi alikagua kucha za watoto halafu akakagua na za kwetu.

Na kulikuwa na Gide. Jina lake Gideoni, mtu wa Mbeya, mrefu mpaka akiingia bwenini anainama, ana sauti ya upole ambayo haikuendana kabisa na lile umbo. Mie na Gide tulikuwa hatuachani, na kabla hamjaanza kuguna, hapana, hayakuwa mapenzi, tulijaribu siku moja kushikana mikono kama watu wa kwenye tamthilia tukacheka mpaka ishu yenyewe ikafa palepale. Tulikuwa watu wa kuchekeshana tu. Nikiwa nimenuna ananitafuta, akiwa amenuna namtafuta, na tulikuwa tunajuana kununa hata kwa mgongo.

Shida kubwa ya kambi ile ilikuwa maji ya kuoga asubuhi. Yalikuwa ya kisima, ya baridi ile ya kukata, na watoto walikuwa wanayakwepa kwa ujanja ambao nikiufikiria leo nawavulia kofia (kuna mmoja alikuwa analowesha nywele na taulo tu, wiki nzima tunampongeza kwa usafi). Mwalimu Kasembe akasema tutafute namna ya kuwafundisha bila kugombana nao, ndo mie na Gide tukatunga igizo la kila Ijumaa. Mie mama, yeye mtoto. Jitu zima la futi sita na ushee linaigiza mtoto wa darasa la pili asiyetaka kuoga. Naingia na dera, mito kiunoni, mdomo mwekundu, beseni kichwani na dodoki mkononi, naita, "Gideee! Njoo uoge!" Kimya. "Wewe Gide! Maji yanapoa!" Kimya. Watoto wameshamuona, yuko nyuma ya mkorosho au chini ya meza ya Mwalimu, wanajiuma midomo wasimseme. Utamu wote ulikuwa kwenye kule kukawia kwake. Alivyozidi kukawia ndivyo watoto walivyozidi kuvunjika mbavu, na mie ndivyo nilivyotakiwa kuzidi kuita, kwa hasira zaidi, mpaka mwenyewe aamue kutoka mbio na kuninyanyua mie na beseni langu. Ijumaa moja niliita mara kumi na nne. Nilihesabu.

Baadaye kile kiwanja kikauzwa, kambi ikafa, tukatawanyika. Lakini tukakubaliana kila mwaka Jumamosi moja tukutane, wenyewe tunaita felo, tunaimba zile nyimbo za kambi, tunasali, tunakula pilau, tunacheka walioota vitambi, na Mwalimu Kasembe (amestaafu, anatembelea fimbo) bado anakagua kucha. Ni siku nzuri sana. Mie nilienda miaka miwili ya mwanzo, halafu nikaanza kuwa mtu wa visingizio.

Gide alirudi kwao Mbeya, akapata kazi ya ualimu, akaoa. Harusi niliahidi kwenda sikwenda. Mtoto alipozaliwa niliahidi kwenda sikwenda. Tukabaki kutumiana vichekesho kwenye simu, na hata hivyo vikapungua. Kisha mwaka huu, siku moja mchana, nikaona ujumbe wake: "Sekela nipo Dar, nimefikia kwa braza Vingunguti. Ukipata nafasi pita tucheke kidogo."

Sasa sikilizeni. Mie nafanya kazi Buguruni. Kutoka mlango wa ofisini kwetu mpaka Vingunguti ni bodaboda ya dakika kumi, na hiyo ni ukipata dereva mwenye heshima. Nikamjibu, "Umerudiii! Wiki ijayo lazima!" na vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Wiki ijayo ikaja ikaondoka. Akaandika tena, "Bado nipo." Nikamtumia sauti ndefu ya kulalamika kuhusu kazi. Siku nyingine akapiga kabisa, na mie nilikuwa saluni nasukwa, nikaikata nikamwandikia, "Nipo kikaoni kaka, nakurudia." Kikao cha rasta. Sikumrudia. Na hakuna siku niliyojiuliza mwalimu wa Mbeya, mwenye shule Mbeya na mke Mbeya, anafanya nini Vingunguti miezi mitatu.

Upande wa pili kulikuwa na lile grupu la kambi la WhatsApp. Mnayajua magrupu. Asubuhi ua waridi na maombi, mchana mtu kauza kiwanja Chanika, jioni sauti ya dakika saba ya mtu msiyemjua anaonya kuhusu maji ya chupa. Nikalinyamazisha, nikalizika huko chini na magrupu mengine yaliyokufa. Sikujitoa, maana ukijitoa linatangaza jina lako, watu wanaanza kupiga simu kuuliza umekasirikia nini. Nikabaki mle ndani kama mtu aliyelala kanisani.

Kuna siku mbili hivi Upendo alinipigia nikiwa safarini Morogoro kikazi. Upendo ndo katibu wa felo, tulikuwa naye bweni moja la wasichana, mtu wa kufuatilia mambo mpaka unamkimbia. Sikupokea, nikamwandikia, "Nipo safarini dear, nikirudi nitakucheki." Akajibu, "Sawa mpenzi, Mungu akutie nguvu." Nikaona ni dua nzuri ya safari. Nikasema amina.

Wiki saba baadaye akaandika tena: "Sekela, felo ni Jumamosi hii, kwa Imrani Tegeta, saa saba. Kamati imekupa dakika kumi za Gide. Utaweza?"

Dakika kumi za Gide! Mie hapo nikaona picha nzima: wametukumbuka, wanataka igizo letu, na Gide yupo Dar kwa hiyo ameshakubali. Nikaona hii ndo njia yangu ya kufuta zile wiki ijayo zote, sitamwomba msamaha kwa maneno, nitaingia na beseni, nitamwita, atatoka mbio, yataisha kwa kicheko. Nikajibu, "Nitaweza sana! Watu watakoma!"

Nikaona anaandika, anaacha, anaandika. Kisha: "Umesoma tulivyopanga kwenye grupu lakini?"

Nikalifungua lile grupu sekunde moja, nikaona namba ya ujumbe ambao sijausoma, mia sita na kumi na mbili, nikalifunga. Nikaandika, "Nimesoma yote."

Hapo ndo nilipoharibu yote. Maneno mawili. Ningesema, Upendo sijasoma, niambie, leo ningekuwa nawasimulia kitu kingine.

Jumamosi ikafika, nikachelewa kama kawaida yangu, foleni ya Bagamoyo Road imeshikana, nikapanda bodaboda kuanzia Mwenge na beseni langu la plastiki nimelivaa mgongoni kama kobe. Njiani nacheka peke yangu, dereva ananiangalia kwenye kioo. Kwa Imrani nikaona bora nipitie geti la nyuma, la jikoni, nivalie huko ili nimshtue Gide (Imrani ndo alikuwa mtu wetu wa huduma ya kwanza kambini, Mhindi wa Upanga, siku hizi amejenga Tegeta nyumba kubwa yenye ukumbi mpana). Jikoni nikamkuta mama mmoja anakoroga pilau. Akaniangalia, akaacha mwiko, akanishika mkono kwa mikono yote miwili.

"Pole sana dada," akasema.

"Ahsante mama," nikamjibu, "foleni ya leo ni hatari."

Akanitazama vile mtu anavyotazamwa akiongea mwenyewe. Mie huyo, stoo, nikajifunga mito, nikavaa dera, nikajipaka mdomo bila kioo. Kupitia upenyo wa mlango niliona mabega na mikono ya watu, wote wamevaa fulana nyeupe. Fulana za kambi zilikuwaga nyeupe. Nikasema, kumbe walikubaliana sare, si ndo hayo ya kwenye grupu. Nikamsikia Mwalimu Kasembe, sauti yake imezeeka, anasema polepole, "Sasa nimwombe Sekela. Nasikia ameshafika. Sote tulimjua Gide, lakini Sekela alimjua kuliko sisi."

Nikaingia nacheza.

Nilitokea kwa nyuma ya meza ya mbele, kwa hiyo kilichokuwa juu ya meza mie nilikuwa nakiona kwa mgongo tu, kipande cha fremu na maua. Nikazunguka, nikakatika, nikaweka mkono kiunoni kwenye mto, nikaita kwa ile sauti ya zamani yenyewe, "Gideee! Njoo uoge!"

Mtu mmoja akacheka. Nawaambia ukweli, kuna aliyecheka, na wa pili, kicheko cha kutoka bila ruhusa, maana masikio yao yalikuwa yanaijua ile sauti. Wengine nikaona wameziba nyuso na vitambaa, mabega yanatikisika, nikasema yes, nimewapata, wanacheka mpaka wanalia. Nikapanda moto.

"Wewe Gide! Maji yanapoa! Unajificha wapi we mtoto?"

Nikachungulia chini ya viti. Nikainua pazia la dirisha. Nikaenda mpaka nyuma ya Mwalimu Kasembe nikamchungulia mgongoni, na Mwalimu hakugeuka, alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili anaangalia sakafu. Kile kimya mie kilikuwa kimya changu, nilikijua, ndicho kilichokuwa kinatangulia kila mara. Nikajiambia leo Gide anakawia kwelikweli, mshenzi huyu, miaka yote hii na bado anaweza. Nikazidi kuita. Mara ya nne. Mara ya tano. "Gideee! Usinifanye nije huko! Nakuona! Nakuona miguu!" nikaelekeza dodoki kwenye mlango wa nje.

Kwenye kiti cha mbele kulikuwa na mtoto wa kike wa miaka sita hivi, nywele zimefungwa mafungu mawili pembeni, gauni jeupe. Akasimama juu ya kiti, akageuka, akaangalia kule nilikoelekeza. Akaangalia kwa makini. Kisha akamshika bega mama aliyekaa pembeni yake, akasema kwa sauti ya kawaida tu, ukumbi mzima ukasikia:

"Mama, baba amekuja? Yule anamwita baba."

Yule mama alijikunja taratibu kama nguo iliyodondoka kwenye kamba, akaweka kichwa kwenye mapaja yake mwenyewe, na ile sauti iliyomtoka sijawahi kuisikia tena na sitaki.

Upendo alishanifikia, ananivuta dera kwa nyuma, "Sekela, Sekela, unafanya nini, Sekela," na mto mmoja ukachomoka ukaanguka katikati ya ukumbi. Nikageuka kuuokota, na hapo ndo nikaiona meza kwa mbele. Gide, ndani ya fremu, ana tai. Maua. Mshumaa.

Nilikimbia. Ningependa kuwaambia nilisimama nikaomba radhi kama mtu mzima, lakini nilikimbia na mto mmoja kiunoni umehamia tumboni, nikaingia choo cha jikoni nikajifungia. Nikakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Nikatoa simu. Nikalifungua lile grupu, nikaanza kusoma kuanzia nilipoishia.

Waridi. Maombi. Kiwanja Chanika. Kisha Upendo: ndugu zetu, Gide yupo Dar kwa matibabu ya tumbo, hali sio nzuri sana, tumwombee. Kisha watu wanapanga zamu za kwenda kumuona. Picha za waliokwenda, Imrani na mkewe, Mwalimu Kasembe na fimbo yake kwenye kochi la Vingunguti, Mwalimu ambaye hata ngazi anapanda kwa shida. Kisha mtu anauliza, nani yuko karibu na Sekela, Gide anamuulizia. Kisha Upendo anajibu, yupo humu ndani, ataona.

Kisha Gide mwenyewe. Picha amekaa kitandani, amekonda mpaka shingo imekuwa ndefu, ametoa dole gumba, na chini ameandika: "Mwambieni Sekela bado sijaoga, namsubiri yeye."

Watu kumi na kitu wamecheka pale chini. Wamecheka kweli. Mtu akaandika, Sekela jitokeze. Mtu mwingine akaandika, Sekela mbona kimya. Halafu yeye Gide, siku mbili baadaye: "Mwacheni, atakuwa na kazi nyingi."

Baada ya hapo kuna wiki moja na nusu ya maombi, kisha utepe mweusi.

Alisafirishwa Mbeya. Ndo siku zile Upendo alikuwa ananipigia. Ndo zile nguvu alizokuwa ananiombea.

Sijui nilikaa mle chooni muda gani. Upendo alikuja kugonga. "Sekela, fungua. Umechanganyikiwa na huzuni, wote tunaelewa, nimewaambia umeamua kumuaga kwa lile igizo lenu. Toka tu, kaa, yataisha."

Na hapa nataka mnisikilize vizuri, maana watu wakisimulia hii habari wanaishia kwenye beseni, lakini pale ndo palikuwa pagumu. Upendo alikuwa amenifungulia mlango wa kutokea. Ningesema ndiyo, nilitaka kumuaga hivyo, wangenihurumia, pengine wangenisifu. Nilishika kitasa nikiwa nimeshaamua kusema hivyo. Nawaapia, nilikuwa nimeshaamua.

Nikafungua. Upendo akachukua kanga akaanza kunifuta mdomo, bomba halitoi maji, ile rangi inazidi kusambaa. Nikamwambia, "Upendo, sikujua."

"Hukujua nini?"

"Kwamba amekufa. Sikusoma. Nilikudanganya."

Mkono wake ukasimama shavuni kwangu. Hakunitukana. Alikunja tu ile kanga, akasema, "Basi twende ukamwambie Jesca. Mie siwezi kukusemea hiyo."

Nikarudi ukumbini na ule uso. Imrani aliniletea maji kwenye glasi, sikuweza kuyanywa. Yule mama, Jesca, mke wa Gide, walikuwa wamemkalisha sawa, wanampepea. Nikapiga magoti mbele yake, watu wote wanaona, nikasema kila kitu, kuanzia Vingunguti mpaka mia sita na kumi na mbili. Nilisema na ile ya saluni. Nilipomaliza, hata jikoni walikuwa wameacha kugonganisha vyombo.

Mwalimu Kasembe ndiye aliyesema kwanza. "Sekela," akasema, "mimi nilikupa dakika kumi, mwanangu. Yeye alikupa miezi mitatu." Hakusema kwa ukali. Ningeomba aseme kwa ukali.

Jesca alikuwa ananitazama tu. Kisha akasema, "Kumbe hukuuona ule ujumbe wake."

"Sikuuona."

"Mimi nilijua umeuona ukanyamaza." Akavuta pumzi. "Wiki saba nakuchukia kwa hilo. Sasa sijui hata nikuchukie kwa lipi." Halafu akasema, "Inuka dada, sakafu ina baridi," kwa sauti ya mtu anayesema na mgeni, na akageuka upande mwingine.

Sikula pilau. Nilikaa nje kwenye ngazi nafungua kamba za ule mto. Yule mtoto akaja akasimama mbele yangu. Anaitwa Ritha. Ana mikono mirefu, ya baba yake kabisa.

"Kwa nini ulikuwa unamwita baba?"

"Nilidhani yupo," nikamwambia.

"Hayupo." Alisema taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Yuko Mbeya kaburini. Hata ukiita hasikii. Mimi nilishaita."

Akageuka, akarudi ndani kwa mama yake.

Wiki iliyofuata nilikwenda Vingunguti. Jesca alikuwa amerudi toka kuzika, yupo kwa shemeji yake, anamalizia mambo ya hospitali kabla ya kurudi Mbeya, baadaye akaamua kubaki kabisa maana amepata kibarua cha kushona. Bodaboda ilichukua dakika tisa. Nilizitazama kwenye simu, sijui kwa nini, nilitaka kujua. Akanikaribisha, akanipa chai, akakaa mbali. Nilimuuliza alikuwaje mwishoni. Hakutaka kusema, halafu akasema.

"Chumba chake kilikuwa hiki cha barabarani. Kila bodaboda ikisimama nje alikuwa anainua kichwa. Nikimwambia nipe simu nimpigie huyo dada yako, anakataa. Anasema Sekela ukimsukuma haji, mwache, atakuja mwenyewe." Akapuliza chai yake. "Nilikuwa namwambia, huyo sio rafiki. Tuligombana kwa ajili yako, unajua? Mtu mgonjwa, nagombana naye kwa ajili yako."

Nikalia, na yeye hakunibembeleza, na alikuwa na haki. Aliniacha nikalia mpaka nikamaliza, akachukua kikombe changu akakiosha.

Sasa nyie mnataka niseme nimejifunza nini. Niliacha kazi ya kuchekesha watu, hilo kwanza, kwenye felo ya mwakani nimeomba niwe jikoni. Watu bado wananicheka, wakiniona na beseni lolote wanaangaliana, na mie nacheka nao, nifanyeje. Niliapa kitu kimoja tu: sitamwambia tena binadamu kwamba nitakuja kama sijajua siku na saa, na nikishaitaja hiyo siku naenda hata kama mvua imebeba daraja. Ni kiapo kigumu kuliko mnavyodhani, jaribuni.

Kwa Jesca nimeshaenda mara sita. Hatujawa marafiki, nisiwadanganye, bado ananiita dada Sekela kwa ile sauti ya kigeni, na kuna siku tunakaa saa nzima tumeongea maneno kumi. Mara ya mwisho nilisema saa tisa, nikafika saa kumi kasorobo, kazini walinichelewesha. Nilimkuta Jesca amesimama nje mlangoni na mikono kifuani, Ritha amekaa chini miguuni kwake. Sikujua alisimama pale tangu saa ngapi. Alisogea pembeni tu nikapita, nikavua viatu.